Viatu vya Feruzi

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano. Ukitaka kujua ni mwaka gani, usiniulize tarehe. Muulize mtu yeyote wa rika langu kutoka upande wetu wa Tala, naye atakuambia ni wakati ule wa ukame kabla mvua za El Nino hazijaja kubeba madaraja. Mahindi yalifika kwa lori, ndani ya magunia yenye maandishi ya nchi za watu, na tuliyaita mwolyo, kama kila chakula cha msaada kinavyoitwa kwetu. Yalinuka. Hadi leo nikifungua gunia lililokaa sana stoo pua yangu inarudi palepale: harufu ya vumbi, ya dawa ya wadudu, na ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliyatwanga kwenye kinu atoe maganda apate muthokoi, na maganda hayakukubali kutoka, kwa hivyo alitwanga huku akiyatukana kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Hatukuwa na maharagwe wala mafuta ya kutia. Tulikula na chumvi, tukanywa maji, na matumbo yakajaa upepo mpaka nyumba nzima ikawa inaongea bila mtu kufungua mdomo.

Kwetu ndivyo tunavyohesabu. Miaka haina namba, ina ladha. Mtu alizaliwa mwaka wa mihogo, mwingine akatahiriwa mwaka wa matunda ya porini, mwingine akaolewa mwaka wa ule unga wa msaada uliokuja karibu na Uhuru, mweupe lakini mchungu. Babu yangu, ambaye tulimwita umau, angeweza kukupangia umri wa kijiji kizima kwa kutaja kilichokuwa chunguni. Mzee mmoja mmoja, mwanamke mmoja mmoja, na nani alimtangulia nani. Lakini mtu mmoja alimshinda kumpangia, na huyo alikuwa baba yake mwenyewe.

Mimi naitwa Nduku Feruzi. Feruzi si jina la Kikamba. Hilo hata mtoto wa nasari alilijua. Wenzangu darasani walikuwa Mutisya, Wambua, Kioko, na mwalimu aliwaita mbio mbio, halafu akifika kwangu alisimama kidogo, kama gurudumu lililokutana na jiwe. Wavulana walinisubiri mapumziko. "Nduku, ngamia wenu amekula nini leo?" Nami niliwajibu, "Amekula mahindi ya njano, kama mama yako." Nilipigwa mara nyingi kwa sababu ya mdomo wangu, na mara nyingine nikapiga mimi. Lakini nikifika nyumbani sikuona ngamia wala Mwarabu. Niliona Wakamba wa kawaida, watu wa shamba la mteremko lenye makinga ya udongo, mbuzi kadhaa, mizinga ya nyuki mitini, na kanisa la Katoliki Jumapili. Tulikuwa na ukoo, kwa maana huku mtu asiye na ukoo ni kama kuku wa sokoni, hajulikani ametoka banda gani. Kuhusu Feruzi, umau alijua tu kwamba alikuja na watu wa mizigo kutoka pwani, na kwamba alikufa yeye umau akiwa bado mdogo wa kuchunga wana-mbuzi. Ukimuuliza zaidi alikunja uso, akatafuta kazi ya kufanya na mikono.

Baba yangu na mama yangu walikuwa Nairobi, baba akilinda geti la watu, na mimi nililelewa na wazee hao pamoja na shangazi yangu Kamene, kitinda mimba wao. Kamene ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenifundisha kubeba mtungi wa maji bila kumwaga, ndiye aliyenionyesha namna ya kucheka bila kufunika meno. Mwaka huo alipata mchumba. Jina lake Muli, kijana wa Masinga aliyekuwa analeta samaki wa bwawa kuuza soko la Tala. Tulijua mambo yameiva pale Kamene, ambaye maisha yake yote alisema samaki ananuka kama kisima kilichofungwa, alipoanza kurudi na samaki kila siku ya soko. Susu alimwangalia tu. "Huyu samaki," akasema, "ana miguu miwili na suruali."

Basi watu wa Muli wakaja na mbuzi wa ntheo. Hao mbuzi ndio ndoa kwetu. Bila wao hakuna ndoa, hata kama padri amefungisha na kengele zimelia. Mwanamke ambaye mbuzi wake hawajaletwa bado ni wa kwao, na akifa, ni watu wa kwao wenye haki ya kumzika. Mbuzi wale walikuwa wamekonda kwa ukame, mbavu unaweza kuzitembezea kidole, lakini walikuwa mbuzi. Walifungwa kwenye mti wa mwembe, wakaanza kula kamba zao. Mbele ya wageni alikuwa mzee mmoja aitwaye Kitonga, ami yake Muli, mrefu, mkavu, mwenye kigoda chake cha miguu mitatu ambacho hakumwachia mtu ambebee. Upande wetu aliketi umau, na pembeni yake mzee Ngumbau, jirani na msemaji wa ukoo wetu katika mambo kama hayo.

Mimi nilikuwa nabeba maji ya kunawa, kwa hivyo nilisikia. Kitonga aliuliza ukoo wetu, umau akautaja. Aliuliza jina la baba yake umau, ili ajue mbuzi wanaingia kwa nani. Umau akasema, "Feruzi."

Mzee yule alikausha mikono yake polepole. "Feruzi wa wapi?"

"Wa hapa."

"Wa hapa amezaliwa na nani wa hapa?"

Ngumbau alikohoa, akaanza kuongea mambo ya mvua. Kitonga akamkata kwa heshima. "Mzee mwenzangu, mimi sikuja kutukana mtu. Watu wa mizigo tunawajua, walipita kwa baba zetu pia. Wengine walikuwa mali ya watu. Nikipeleka mbuzi kwa jina ambalo halina mwanzo, watoto wa Muli watauliziwa wapi? Tafuteni mwanzo wake mtuonyeshe. Au mtoe hilo jina, mjiite kwa jina la mzee mwingine wa ukoo, na sisi tutarudi tule na kunywa." Akainuka na kigoda chake. Mbuzi wakafunguliwa. Kamene alikuwa nyuma ya nyumba amevaa gauni la kuazima la rangi ya machungwa, nywele nilikuwa nimemsaidia kuzipaka mafuta tangu asubuhi, na aliwasikia mbuzi wakiondoka kabla hajaambiwa na mtu.

Baada ya hapo Ngumbau alibaki na umau. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Alisema, "Sisi tunakujua. Hakuna mtu wa ukoo atakayekuuliza. Litoe tu hilo jina, ni neno moja, mtoto aolewe." Umau alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kulikuwa na kitu humo. Akasema kwanza ataenda kuuliza. Atauliza watu wenye majina kama hayo.

Susu alinituma niende na umau Machakos mjini. Sababu aliyompa ilikuwa goti lake bovu. Sababu aliyonipa mimi ni kwamba mwanaume akienda kutafuta aibu lazima awe na mtu wa kumkumbusha kurudi. Tulipanda lori la mchanga, juu, mchanga ukiwa bado na ubaridi wa mtoni. Mjini tulienda upande wa msikiti, kwa zile nyumba za zamani za watu ambao wazee wao walikuja kutoka pwani wakabaki. Umau aliuliza kwa duka la vitambaa, wakatuelekeza kwa mwanamke mzee aliyeitwa Bi Zuhura, aliyekuwa anakaanga mahamri barazani kwake. Ile harufu ya hiliki na mafuta moto, katika mwaka ule, ilitaka kuniangusha. Alituangalia, viatu vyetu vyekundu kwa vumbi, akatabasamu kwa pembe moja ya mdomo. "Karibuni, wageni wa mlimani. Njaa imewashusha ama ni mahamri?"

Umau aliketi na kofia juu ya goti. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kila neno lilitembea na fimbo. Akamwambia jina lake. Bi Zuhura aliacha kugeuza mahamri.

"Wewe Mkamba unaitwa Feruzi? Ulipewa na nani?"

"Ni la baba yangu."

"Na yeye alipewa na nani?"

"Hilo ndilo nimekuja kuuliza, mama."

Alitoa mahamri yaliyokuwa yameiva, akashusha karai, ndipo akaongea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya kutaniana. "Sikiza, baba. Feruzi, Almasi, Mabruki, hayo ni majina ya watu walionunuliwa. Bwana akinunua mtu alimtupia jina, zuri zuri la kito au la bahati, ili hata akiitwa kwa jina lake la kwao asilisikie tena. Mtu huru wa zamani zile humkuti anaitwa Feruzi. Baba yako alichukuliwa mdogo, huko bara ya mbali, upande wa maziwa makubwa. Kijiji gani, mama gani, usijisumbue. Waliojua walikufa njiani." Bi Zuhura akamtazama umau, akaongeza, "Babu yangu mimi alikuwa Almasi. Unaniona nimekufa?" Alitufungia mahamri kwenye gazeti na akakataa kulipwa. Umau hakula lake. Nilikula yote mawili nikiwa juu ya lori la kurudi, na sitasema uongo, yalikuwa matamu, huku babu yangu ameketi mkabala nami akiwa amezeeka kuliko asubuhi.

Jua lilikuwa bado liko juu kidogo tulipofika nyumbani. Susu alikuwa kwenye kinu. Umau alisimama mbele yake akasema, "Tutalitoa."

"Umemuuliza nani?"

"Mwanamke mmoja wa mjini."

"Aa," susu akasema, "umeenda kumuuliza mwanamke wa watu." Akaendelea kutwanga. Kamene alitoka ndani mbio, kwa sababu alikuwa amesikia lile neno la kulitoa, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha. Umau akatuma ujumbe Masinga kwamba waje.

Walikuja na mbuzi walewale, wamekonda zaidi. Safari hii kulikuwa na chakula, kwa maana Ngumbau alikuwa ametoa jogoo wake wa mwisho, na mchuzi wake ulinukia mpaka barabarani. Katika mambo kama hayo wanawake wa boma huleta chakula, wanaweka, wanatoka. Susu alileta sinia, akaliweka katikati ya wazee. Kisha hakutoka. Alisimama pale mikono imekauka unga, akasema, "Kabla hamjanawa, nina habari za Feruzi."

Wazee waliangaliana. Kitonga alisema polepole, bila dharau, kama mtu anayemfunulia mwenzake njia. "Mama, haya ni mambo ya ukoo. Na wewe si wa ukoo huu. Umeolewa hapa."

"Ni kweli, mimi si wa ukoo huu," susu akasema. "Aliyeniambia hakuwa wa ukoo huu. Aliyemwambia yeye naye alikuwa ameolewa tu. Nyinyi wa ukoo mlikuwa mnakaa wapi wakati sisi tunaambiana?"

Ngumbau alicheka, akajizuia. Hakuna mtu aliyemruhusu susu kuendelea, na hakuna aliyemkataza, basi akaendelea. Hadithi yenyewe alikuwa amepewa na mama mkwe wake, mke wa Feruzi, wakiwa wawili jikoni, na mama mkwe huyo naye alikuwa amepewa na mjane aliyemkuta kwenye boma hili alipoletwa akiwa bibi arusi. Alisema ilikuwa mwaka ambao watu walikula ngozi, wakati Wazungu wanapitisha reli. Mvua ilikuwa imekataa, ng'ombe wamekufa, na mjane huyo na watoto wake walikuwa wamefikia ngozi ya kulalia. Walibabua nywele, wakailoweka, wakaipiga kwa jiwe, wakaichemsha tangu asubuhi. Ndipo akaja kijana kwenye njia ya misafara. Wenzake walikuwa wamechukua mzigo wake na kumwacha kwa sababu ya homa. Miguu ilikuwa imevimba, haingii tena kwenye viatu, kwa hivyo viatu vyake, vya ngozi nene ya nyati, alikuwa amevivaa shingoni. Hakuomba chakula. Alitazama chungu, akaelewa ni nini kinachochemka. Akavua viatu vyake shingoni, akakata kamba, akavitia ndani ya chungu pamoja na ngozi yao, halafu akalala chini kando ya moto.

"Watoto wa yule mjane waliishi kwa chungu kile," susu akasema. "Mmoja wao ndiye nyanya yako wewe, Ngumbau. Wazee wa wakati huo walitaka kumpa kijana jina la mtu wa hapa. Yule mjane alikataa. Alisema mtu aliyetia viatu vyake chunguni haendi tena popote, na hawezi kunyang'anywa kitu kingine. Jina alilopewa na mama yake hakulikumbuka. Alikuwa na hilo moja tu. Wakampa mzinga, wakaukata alama ya ukoo, na chini ya alama wakakata mikato miwili midogo, mmoja kwa kila kiatu. Nendeni mwangalie."

Umau aliinua kichwa ghafla. Alikuwa anaijua ile mikato. Mzinga wa baba yake, mzee na mtupu, ulikuwa umelala miaka yote nyuma ya stoo, na yeye alidhani mchongaji aliteleza patasi. Ngumbau alienda akauleta, akiukumbatia kama mtoto, na buibui wakitembea juu ya mikono yake. Akauweka mbele ya Kitonga. Yule mzee alipitisha vidole vyake juu ya alama, akarudia, na nasema hivi kwa haki yake: hakudanganya. "Alama ni ya ukoo," akasema. "Hakuna mgeni anayekatiwa alama hii bila ukoo wote kukubali. Nimeamini alipokewa." Kisha akaondoa mkono. "Lakini mtu aliyenunuliwa ni aliyenunuliwa, na jina hilo ndilo linalosema hivyo kila likitajwa. Alama ibaki. Jina mlitoe. Tunawe, tule, na msichana ni wetu."

Mchuzi ulikuwa unapoa. Niliona mafuta yakianza kuganda pembeni mwa sufuria. Kamene alikuwa mlangoni ameshika ukingo kwa mikono miwili. Umau alimtazama binti yake, kisha akamtazama mkewe, na nafikiri kama angeachwa peke yake angekubali, na mimi nisingemlaumu. Susu hakupandisha sauti. Alisema, "Jina hili lilikula ngozi na sisi. Halitoki nyumbani humu."

Umau alivaa kofia yake. "Mmesikia," akasema.

Wageni waliondoka bila kunawa. Mbuzi mmoja alikuwa amekula pembe ya gunia la mwolyo, walimvuta bado anatafuna. Kamene alingoja mpaka vumbi lao likatulia, halafu akamwendea susu na kumwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau, tulivu kabisa, "Mwaitu, hilo jina litanizalia watoto?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na siku hiyo lilitoka kama jina la mtu asiyemjua. Susu aligawa ule mchuzi, akatupatia sisi sote, akampa na yeye. Kamene hakula. Ngumbau alichukua mzinga akaupeleka mwenyewe mtini, akaufunga juu, ingawa nyuki walikuwa wamehama nchi nzima.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa hasira. Kabla mto haujajaa, Kamene alifunga nguo zake kwenye leso akaenda Masinga kwa Muli, bila mbuzi, bila sherehe, bila kuaga. Susu alisimama kwenye kilima akimtazama akivuka, maji yakiwa magotini, na alikaa pale hata baada ya kutoonekana. Kazi za Kamene zikaniangukia mimi, maji, kuni, kinu, na ndivyo shule yangu ilivyoishia darasa la sita. Mwaka uliofuata nyuki waliingia kwenye mzinga wa Feruzi. Asali ya kwanza susu aliipeleka Masinga kwa mkono wa muuza samaki. Hatukuambiwa kama ililiwa.

Kamene alikufa wakati simu za mkononi ndiyo kwanza zinaanza kuingia kijijini, kwa ugonjwa wa kifua, akiacha mtoto mmoja wa kiume. Mwaka huo mahindi yalikuwa mazuri, meupe, ya kwetu wenyewe. Umau alikuwa ameshatangulia. Kwa desturi maiti ilikuwa yetu, kwa maana mbuzi hawakuwahi kuletwa, na Muli alitaka mke wake alale kwake, karibu na mtoto. Basi Kitonga alikuja tena. Alikuwa amepinda, kigoda chake sasa kinabebwa na mtu mwingine, na mbuzi aliokuja nao walikuwa wanono, wanang'aa. Kwetu mwenye mbuzi husimama nje akataja nyumba anayoijia. Alisimama pale kwenye mti wa mwembe akasema, "Tumekuja kwa Feruzi." Watu wote wa boma walisikia. Nilimtazama susu nione kama atafurahi, kwa sababu mimi, mjinga, nilikuwa nimetayarisha furaha yangu. Hakufurahi. Aliwapokea mbuzi, akamuuliza Muli swali moja tu: "Siku za mwisho alikuwa anakula nini?" Muli akasema, "Uji, mwaitu. Na asali kidogo." Susu akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote. Kuna siku nimesema jina lile halikustahili ile gharama, kwamba neno moja lingemwacha Kamene aolewe kwa heshima na asivuke mto kama mwizi. Kuna siku nimesema kwamba waliomfukuza hawakuwa sisi. Sijamaliza kesi hiyo. Najua tu kwamba Feruzi alinyang'anywa jina la kwanza na watu wenye nguvu, na kama tungelitoa la pili kwa hiari yetu, kwa ajili ya sinia la mchuzi, basi asingebaki na kitu duniani isipokuwa mikato miwili kwenye mti.

Sasa mimi ndiye susu. Nimepata mjukuu kabla nywele hazijageuka, kwa sababu nilizaa mapema nikiwa hapa nyumbani, hakuna mbuzi aliyeletwa kwa ajili yangu, na binti yangu Ndinda naye amenifuata nyayo. Mtoto ni wa kike, amepewa jina langu, na ni mzuri kuliko watoto wote wa kata hii. Aje mtu anibishie. Siku hizi kutafuta mwanzo wa mtu si kazi ya kupanda lori la mchanga. Yule mtoto wa Kamene, ambaye ni kijana mkubwa sasa huko Nairobi, alitema mate kwenye kichupa, kikapelekwa ng'ambo, kikarudi na jibu kwenye simu kwamba sehemu ya damu yake ni ya watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alinionyesha ramani yenye rangi. Niliiangalia sana, nikafikiria yule mama asiyejulikana ambaye mtoto wake aliondoka, na nikashukuru. Kisha nikamuuliza, "Wamekuambia kuhusu viatu?" Akasema hapana. Nikamwambia aketi, nikaweka sufuria motoni, nikamwambia mimi.

Tatizo ni Ndinda. Anafanya kazi Mavoko, kwenye kiwanda, na wiki hii amekuja kumchukulia mtoto cheti cha kuzaliwa. Alipokuwa anatafuta kitambulisho chake mwenyewe aliulizwa maswali ambayo wenzake hawakuulizwa. Wewe ni wa pwani? Wewe ni wa dini gani? Babu yako alizaliwa wapi, na babu yake? Walimrudisha, wakamrudisha tena, na kazi ya kwanza aliyopata ikampita akiwa bado anangoja. Hayo si mambo madogo, na sitajifanya hayaumi. Aliketi hapa jikoni kwangu, mtoto akiwa mapajani, akaongea kwa upole. "Mum, aandikwe Nduku Ndinda tu. Inatosha. Hiyo Feruzi itamsumbua kila ofisi. Ni jina tu."

Nilimtazama, na kwa muda nilimwona Kamene mlangoni na gauni lake la kuazima. Nilikuwa nachagua maharagwe. Leo tuna maharagwe, tuna mafuta, tuna mahindi yetu meupe yasiyonuka. Nikaweka ungo chini, nikampokea mtoto, nikampa kidole changu akishike, na nikamwambia mama yake: "Jina hili lilikula ngozi na sisi. Halitoki nyumbani humu."